Kupima hewa chafu ya jiji inaongeza vifo kiasi gani: twende na data ya Chicago

Mara ya kwanza nimejaribu hii kitu nilitoka na jibu la ajabu, eti ozoni inaokoa maisha. Nilikuwa na faili la Chicago la miaka 14, kolamu moja vifo vya kila siku, kolamu nyingine ozoni ya kila siku, nikatafuta uwiano wa hizo mbili ukatoka hasi, yaani ozoni ikipanda vifo vinashuka. Nikakaa nalo kama nusu saa najiona mgunduzi mpaka jamaa mmoja ninayefanya naye kazi akapita nyuma yangu, akacheki skrini, akauliza swali moja tu: "Chicago watu wanakufa sana mwezi gani?" Januari, nikamwambia, baridi kali, mafua, nimonia, moyo. "Na ozoni inapanda lini?" Julai, maana inapikwa na jua. Akaondoka zake hata hakusubiri nimalize. Mimi sikuwa nimepima hewa hata kidogo, nilikuwa nimepima baridi.

Kwaiyo ukitaka kufanya hii kazi anza na hilo swali kabla hujafungua programu yoyote. Ni nini kingine kinachopanda na kushuka pamoja na hewa chafu, na chenyewe kinaua? Majira, joto, mafua, siku ya wiki. Hao ndo wavurugaji wako na karibu kazi yote iliyobaki ni kupambana nao.

Zamani hawakuhitaji haya mahesabu. London mwaka 1952, tarehe 5 mpaka 9 Desemba, ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe ukakaa juu ya jiji bila upepo, na hesabu ya mwanzo ikawa ni vifo 4,000 zaidi ya kawaida, waliorudia baadaye wakihesabu na miezi iliyofuata wakafika 12,000. Pale hata mtoto angeona mlima kwenye grafu. Shida yetu sisi ni hewa ya siku ya kawaida tu, ambayo haitengenezi mlima wowote, inaongeza tone moja kwenye ndoo kila siku na ndoo yenyewe inatikisika.

Na inatikisika kweli. Chicago kwenye hiyo data wanakufa watu kama 115 kwa siku, ajali zimeshatolewa (vumbi halipindui basi). Hata kama kusingekuwa na kitu chochote kinachobadilika, hesabu ya vifo yenyewe inaruka kwa bahati tu, na kwa hesabu za aina hii mruko ni kipeuo cha pili cha wastani, kipeuo cha pili cha 115 ni karibu 11. Leo 104, kesho 126, hakuna sababu. Sasa tuseme vumbi likipanda kwa maikrogramu 10 kwa kila mita ya ujazo vifo vinapanda kwa nusu ya asilimia moja, hiyo ni nusu mtu. Unatafuta nusu mtu kwenye kelele ya watu 11 juu, 11 chini. Ndo maana hii kazi haifanyiki na data ya mwezi mmoja, wala ya mji unaozika watu watano kwa siku, unataka jiji kubwa na siku elfu kadhaa.

Wazo lenyewe lakini ni zuri sana na ni rahisi. Hulinganishi Chicago na jiji lingine, unalinganisha Chicago na Chicago, siku hii na siku zilizo jirani yake. Wavuta sigara wa jiji hawabadiliki toka Jumatatu mpaka Jumatano, umaskini haubadiliki, idadi ya wazee haibadiliki, kwaiyo vyote hivyo vinajifuta vyenyewe bila wewe kuvigusa. Kinachobaki ni vile vinavyobadilika siku kwa siku, na hivyo vingi vina vipimo.

Data unapata bure. Weka R, programu ya bure ya takwimu, alafu pakeji inaitwa dlnm ya Antonio Gasparrini, ndani yake kuna faili chicagoNMMAPS, siku 5,114 kuanzia 1987 mpaka 2000, vifo vyote, vifo vya moyo, vya mfumo wa hewa, joto, unyevu, PM10 na ozoni. PM10 ni zile chembechembe zenye upana usiozidi maikromita 10, mimi nitaita vumbi tu. Hiyo NMMAPS ilikuwa mradi mkubwa wa Marekani wa kina Jonathan Samet, Scott Zeger na Francesca Dominici pale Johns Hopkins, walichukua majiji 90 kwa pamoja. Chicago inapendwa na wanaofundisha kwa sababu moja ya kishamba kabisa: walikuwa wanapima PM10 kila siku, wakati majiji mengi ya kule yalikuwa yanapima mara moja kila siku sita.

Nimebadili majina ya kolamu kuwa vifo, vumbi, joto, siku (siku ya wiki) na muda (namba ya siku toka mwanzo), na faili nimeliita d. Kabla ya modeli yoyote chora. Chora vifo dhidi ya tarehe, uone mawimbi 14, kila baridi kilima. Alafu chora vumbi. Utakuta vitu viwili. Kwanza siku mia mbili na kitu hazina kipimo kabisa, ziache wazi hivyohivyo, usijaze sifuri na usijaze wastani, R itaziruka yenyewe. Pili kuna vumbi chini ya sifuri. Nililiona nikadhani faili limeharibika, nikashusha upya, bado lipo. Maelezo ya pakeji yanasema wazi kwamba kolamu ya vumbi imejengwa upya kwa kukadiria, wamechukua data iliyokuwa imeshatolewa mwelekeo wake wa muda mrefu wakairudishia namba ya katikati, kwaiyo chache zimeteleza chini ya sifuri. Kwa zoezi haina neno, ila ujue unachoshika mkononi, hii siyo namba ya kunukuu kwenye ripoti ya serikali.

Kitu cha tatu hutakikosa hata ukiwa umesinzia: Julai 1995 kuna mshale umesimama peke yake, siku moja ina vifo zaidi ya 400. Hilo ni wimbi la joto la Chicago, watu zaidi ya 700 walikufa, wengi wazee waliokuwa wanaishi peke yao kwenye vyumba visivyo na eisii. Joto lilifika kilele Alhamisi tarehe 13, vifo vikafika kilele Jumamosi tarehe 15. Siku mbili nyuma. Ishike hiyo, tutairudia.

Modeli sasa. Vifo ni hesabu, sifuri, moja, mbili, havina nusu, kwaiyo regresheni ya kawaida inakaa vibaya, tunatumia ya Poisson, iliyotengenezwa kwa ajili ya hesabu za namna hii:

library(splines)
m <- glm(vifo ~ vumbi + ns(muda, 98) + ns(joto, 6) + ns(joto13, 6) + siku, family = quasipoisson, data = d)

Nikupitishe kipande kwa kipande maana hapa ndo watu wanakopi bila kuelewa. ns(muda, 98) ni mstari unaopindika, fikiria tepu ya fundi nguo inavyolala juu ya mwili, hailazimishi mwili unyooke. Tunailaza juu ya yale mawimbi 14 ya baridi na kiangazi na ya milipuko ya mafua ili izifuate, na kinachobaki baada ya kuiondoa ndo tunakitumia. Namba 98 ni miaka 14 mara 7, yaani tepu inaruhusiwa kupinda mara 7 hivi kwa mwaka. joto nalo limepindika kwa sababu baridi kali inaua na joto kali linaua, katikati ndo salama, ukichora inatoka kama herufi U iliyoegemea upande mmoja, mstari ulionyooka hapo ungekudanganya. joto13 ni wastani wa joto la siku tatu zilizopita, na sasa unajua kwa nini lipo, ni ile Julai 1995, joto la Alhamisi linaua mpaka Jumamosi. NMMAPS walifanya hivyo, joto la leo na la siku tatu nyuma, wakaongeza na unyevu kwa style hiyohiyo. Siku ya wiki ipo kwa sababu trafiki ya Jumapili siyo ya Jumatatu, na vifo pia vina tabia zake za wiki.

quasipoisson je? Poisson safi inadai mtawanyo uwe sawa na wastani, na vifo vya kweli huwa vinatawanyika kidogo zaidi ya hapo. Usipoiambia R hivyo itakupa makosa (yaani shaka ya jibu, juu na chini) madogo kuliko hali halisi na utajikuta unashangilia kitu hakipo. Ile quasi inapima mtawanyo wenyewe alafu inapanua makosa, mfano ukitoka 1.4 makosa yanapanuka kwa kipeuo cha pili cha 1.4, asilimia 18 hivi. Ukitoka 3 au 4 usipanue ukanyamaza, kuna kitu kikubwa umesahau kwenye modeli.

Kusoma jibu: chukua namba ya vumbi kwenye matokeo, zidisha mara 10, weka kwenye exp, toa 1, zidisha mara 100. Tuseme imetoka 0.0005, basi ni exp(0.005) ambayo ni 1.005, ongezeko la asilimia 0.5 kwa kila maikrogramu 10. Kwa jiji la vifo 115 kwa siku, kama siku 100 za mwaka vumbi liko juu kwa maikrogramu 10, hao ni watu kama 58. Fanya hivyohivyo kwa mwanzo na mwisho wa ile range ya asilimia 95 (namba ya chini na ya juu ambazo jibu la kweli huenda liko kati yake) na andika zote tatu, usiandike ya katikati peke yake. Kwa kujipima tu, utafiti uliotoka 2019 uliokusanya majiji 652 ya nchi 24 ulipata asilimia 0.44 kwa PM10 na 0.68 kwa PM2.5 (chembechembe ndogo zaidi, zisizozidi maikromita 2.5), wakichukua wastani wa leo na jana, kwaiyo ukikuta asilimia 9 usiite waandishi wa habari, rudi kwenye kodi yako (code, ile mistari ya programu).

Hiyo leo na jana ndo lagi, yaani siku ngapi kati ya hewa na kifo. Mtu havuti hewa asubuhi akafa saa hiyohiyo kila mara, kifua kinabana leo, kesho moyo. Tengeneza hivi, ukiwa umehakikisha safu zimepangwa kwa tarehe:

d$vumbi01 <- (d$vumbi + c(NA, d$vumbi[-nrow(d)])) / 2

alafu weka vumbi01 badala ya vumbi. Tafadhali sana chagua lagi KABLA ya kuangalia matokeo. Najua watu, na mimi nimo, wanajaribu lagi 0, 1, 2, 3, 4, 5 wanaripoti iliyopendeza. Sita zikichorwa zote kwenye grafu moja na makosa yake, sawa, msomaji aone mwenyewe. Ukitaka siku nyingi kwa pamoja bila kugombanisha namba zinazofanana, hiyo dlnm ndo kazi yake hasa.

Tuje kwenye ile 7 kwa mwaka maana hapo ndo pana ugomvi wote. Ni kama matundu ya nyavu. Matundu makubwa, tuseme 2 kwa mwaka, majira yanapita na kuingia kwenye jibu lako, unarudi kwenye ozoni inayookoa maisha. Matundu madogo mno, tuseme 30 kwa mwaka, unanasa mpaka vifaranga, ile tofauti ya wiki hii na wiki ijayo ambayo ndo ulikuwa unaitafuta nayo inamezwa na tepu. Hakuna mtu atakayekupa namba sahihi toka mbinguni. Kinachofanyika, endesha modeli kwa 3, 4, 5 mpaka 14 kwa mwaka, chora jibu la vumbi kwa kila moja. Mwanzo itayumba alafu itatulia, kule ilikotulia ndo unaweza kuiamini, na isipotulia kabisa andika hivyohivyo kwamba haijatulia.

Sikutishi tu, iliwapata wakubwa wenyewe. NMMAPS walikuwa wametangaza asilimia 0.41 kwa kila maikrogramu 10 za PM10, na serikali ya Marekani ilikuwa inaipitia kwa ajili ya viwango vya hewa. 2002 Dominici na wenzake wakagundua kwamba programu waliyotumia, S-PLUS, kwenye kulaza ile tepu inarudiarudia hesabu mpaka jibu likae, na kwa mipangilio ya kiwandani ilikuwa inaacha kurudia mapema mno, kabla halijakaa. Walipobana mipangilio 0.41 ikawa 0.27, walipobadili kabisa na kutumia aina ya mstari tuliotumia hapa ikawa 0.21. Nusu. Ishara haikufa, vumbi bado lilikuwa linaua, ila nusu ya namba ilikuwa ni mipangilio ya programu ambayo hakuna aliyeigusa. Nawaheshimu kwa kulitangaza wao wenyewe, wangeweza kunyamaza. Toka hapo kila nikipokea kodi ya mtu naangalia kwanza vile ambavyo hakuviandika.

Kama tepu zinakuumiza kichwa kuna njia nyingine ambayo mimi naipenda kuelezea watu wasio wa hesabu. Mtu amekufa Jumamosi tarehe 15 Julai 1995. Unamlinganisha na yeye mwenyewe Jumamosi nyingine za mwezi huohuo, tarehe 1, 8, 22 na 29. Mtu yuleyule, majira yaleyale, siku ya wiki ileile. Kama hewa ya siku za vifo kwa wastani ni chafu kuliko hewa ya hizo siku za kulinganisha, una ushahidi. Kwenye R unatengeneza kundi la mwaka, mwezi na siku ya wiki, unatumia pakeji ya gnm na kuliweka hilo kundi kwenye eliminate, unabaki na vumbi na joto tu. Majibu huwa yanakaribiana na ya tepu na yasipokaribiana inabidi ujue kwa nini. Joto bado liweke! Watu wanasahau, wanadhani mwezi umeshamaliza kila kitu, wakati ndani ya Julai moja kuna tarehe 8 na kuna tarehe 15.

Sasa mipaka. Hii njia inajibu swali la leo na kesho tu. Kuna wanaosema labda vumbi linamuwahi mtu ambaye angekufa wiki hiyohiyo hata hivyo, wanaita kuvuna, na swali hilo ni halali, unaliangalia kwa lagi ndefu: kama ni kuvuna tu, baada ya siku chache vifo vinapaswa kushuka chini ya kawaida kufidia. Lakini miaka ya kuvuta hewa mbaya inafanya nini kwenye maisha ya mtu, hapo unahitaji kufuata watu, kama walivyofanya kina Dockery kwenye utafiti wa majiji sita ya Marekani uliotoka 1993, watu wazima 8,111 kwa miaka 14 mpaka 16, jiji chafu kuliko yote Steubenville dhidi ya safi kuliko yote Portage, hatari ya kufa ikawa juu kwa asilimia 26. Usiweke 26 na 0.5 kwenye sentensi moja kana kwamba zinapingana. Ni maswali mawili.

Na kabla na baada ndo mtego mwingine mtamu. Dublin walipiga marufuku uuzaji wa makaa ya mawe yenye moshi Septemba 1990, moshi ukashuka kwa asilimia 70, hesabu ya kwanza ikaonyesha vifo vya mfumo wa hewa vimeshuka asilimia 15.5 na vya moyo 10.3. Waliporudia wakilinganisha na mwelekeo wa sehemu nyingine za Ireland ambazo hazikuguswa, vya mfumo wa hewa vikabaki, vya moyo vikapotea, maana moyo ulikuwa unapungua kuua nchi nzima hata bila marufuku.

Ukitaka kuileta huku kwetu, usikopi ile fomyula ilivyo. Dar hakuna Januari ya theluji, kuna masika na vuli, na mvua inaosha vumbi hewani wakati huohuo inaleta malaria na nimonia, kwaiyo mvurugaji wako mkubwa ni mvua, iweke, na iweke na lagi ya wiki kadhaa. Vipimo vya hewa vinaongezeka, AirQo, mradi wa kupima hewa wa Chuo Kikuu cha Makerere, wametapakaza vifaa vyao vya bei nafuu Kampala na miji mingine. Kinachoumiza ni vifo. Mtu anafia nyumbani Mbagala anasafirishwa usiku kuzikwa Singida, kwenye daftari la jiji hayumo. Nairobi kuna APHRC, kituo cha utafiti wa afya na idadi ya watu, waliofuatilia kaya za mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani kwa miaka mingi na hao wanajua nani kafa lini, ila vifo kwa siku ni vichache, rudi juu kwenye ile hesabu ya nusu mtu na kelele, hapo ni bora kufuata watu kuliko kufuata siku.

La mwisho kabla hujamtumia mtu matokeo, fanya hili jaribio, linachukua dakika mbili:

d$kesho <- c(d$vumbi[-1], NA)

Ongeza kesho kwenye modeli ikiwa pamoja na vumbi01, usiiweke peke yake maana vumbi la kesho linafanana na la leo. Vumbi la kesho haliwezi kumuua mtu leo, namba yake inatakiwa izunguke sifuri. Yangu ya kwanza haikuzunguka sifuri, kesho ilikuwa inaua kuliko leo, nikatafuta siku nzima, kumbe nilikuwa nimeandika ns(muda, 14) nikidhani naandika 14 kwa mwaka.